Tuktuk Isilazwe Ubavu

Ukipita Landless huenda ukamwona fundi na vijana wake wakiilaza tuktuk ubavu ili wafikie tumbo lake. Petroli huchuruzika, maji ya betri nayo ni asidi, na hatua chache tu kuna mtu anachomelea chuma. Jamani, cheche moja tu!

Kuna jeki za bei nafuu za kuinulia pikipiki, nami naona zafaa kurekebishwa. Lakini si kuzichukua hivi hivi. Pikipiki ya bodaboda ina kilo 100 na zaidi kidogo. Tuktuk tupu hupita kilo 300, tena injini iko nyuma, kwa hivyo uzito mwingi huelemea huko. Jeki iliyoandikwa kilo 150 isiguswe, hata ukiichomelea vyuma vingapi. Itafutwe ya kilo 500 au zaidi, iongezwe mikono miwili mipana ya kushika fremu, sio bati la sakafu, na miguu itanuliwe isije ikapinduka.

Sharti kubwa ni pini ya kuifunga ikiwa juu. Mafuta ya jeki yakivuja, jeki hushuka, na fundi yuko chini! Wako watakaosema pini ni gharama bure. Hasha! Ni kipande cha chuma kinene na matundu machache.

Basi naomba tuijaribu kwanza hapa shuleni kwa magunia ya mchanga yenye uzito wa tuktuk. Yakae juu usiku kucha, asubuhi tupime kama imeshuka.