Mkono usionyooka bado ni mkono

Gofu ni mchezo ambao wengi hapa Kongo wanaujua kwa jina tu. Lubumbashi kuna hata mtaa unaoitwa Golf, lakini kwa familia nyingi, hasa zile zilizokimbia vita, huo ni mchezo wa watu wenye pesa. Hata hivyo, ndani yake kuna habari ya mkono mmoja ambayo wazazi na makocha wa watoto wanapaswa kuisikia.

Kwanza, jinsi mpira unavyopigwa. Mchezaji anayetumia mkono wa kuume husimama ubavu wake wa kushoto ukielekea kule anakotaka mpira uende. Anashika fimbo kwa mikono miwili, anaipeleka nyuma hadi juu ya bega la kuume, kisha anaishusha na kupiga. Kwa miaka mingi walimu wamefundisha kwamba fimbo inapopanda, mkono wa kushoto lazima uwe umenyooka. Sababu ipo: mkono ukikunjwa na kukunjuliwa ovyo, fimbo hairudi pale ilipoanzia. Inagonga udongo ama inapita juu ya mpira.

Tatizo ni kwamba wanafunzi wengi wakiambiwa "nyoosha" wanaelewa "kaza". Wanaminya fimbo kama mtu anayevuta kamba ya ng'ombe mkaidi. Misuli inakakamaa, vifundo vya mikono havikunjiki, mabega yanakataa kugeuka, na fimbo inashuka polepole. Nguvu nyingi imetumika, na mpira hauendi mbali. Aliyewahi kulima anajua jambo hili: anayeng'ang'ania mpini wa jembe hamalizi shamba mbele ya mwenzake, anapata malengelenge tu.

Ushahidi mkubwa ni Calvin Peete, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Detroit mwaka 1943, mmoja wa watoto 19 wa baba yake. Akiwa na miaka 12 alianguka kutoka juu ya mti, kiwiko cha kushoto kikavunjika. Mfupa haukuunga vizuri, na mkono huo haukunyooka kabisa tena maisha yake yote. Aliacha shule, akavuna mahindi na maharagwe huko Florida, kisha akawa mchuuzi, akiwafuata kwa gari vibarua waliokuwa wakihama kutoka shamba hadi shamba. Gofu alianza kuicheza akiwa na miaka 23.

Kwa kanuni ya walimu, mtu huyo hakustahili hata kujaribu. Lakini kuanzia 1981 hadi 1990, miaka 10 mfululizo, yeye ndiye aliyeongoza wachezaji wote wa PGA Tour ya Marekani kwa kupiga mpira wa kwanza bila kutoka nje ya njia. Alishinda mashindano 12, likiwemo Players Championship la 1985. Na ili aingie timu ya Marekani ya Ryder Cup, alidaiwa cheti cha shule ya sekondari. Akarudi kwenye masomo akiwa mtu mzima, akafaulu mtihani mwaka 1982, na mwaka uliofuata akacheza.

Peete hakupigana na kiwiko chake. Mkono uliopinda tangu mwanzo unaweza kurudi mahali pale pale kila mara, mradi mwenyewe hakazi wala hana haraka. Alipiga kwa mwendo uleule, tena na tena, na alifanya mazoezi mengi.

Mtu anaweza kusema kwamba habari kama hii itawafanya wazazi wapuuze mfupa uliovunjika. Hapana. Kiwiko cha mtoto kikivunjika, kipelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama njia ni ndefu. Kukandwa kwa nguvu kunaweza kuongeza madhara. Bendeji au vijiti vikifungwa kwa kukaza sana vinazuia damu: vidole vikiwa baridi, vikibadilika rangi au vikifa ganzi, vifunguliwe mara moja na mtoto akimbizwe hospitali. Hata hapa, kukaza ndiko kunakoharibu.

Lakini wapo watoto ambao ajali yao ilitokea njiani wakati wa kukimbia, ama pale ambapo hapakuwa na daktari. Mfupa umekwisha kuunga, na mkono umebaki umepinda. Hao hawapaswi kuambiwa wakae pembeni walinde nguo za wenzao. Hawapaswi kupewa jina la "kilema" kana kwamba ndilo jina walilopewa nyumbani. Wala hawapaswi kulazimishwa kunyoosha kiungo kisichonyooka ili wafanane na wengine, maana maumivu yanawafundisha kuogopa mchezo wenyewe.

Kocha mwenye busara anauliza mkono huo unaweza kufanya nini, na anauanzisha polepole. Mtoto ambaye hawezi kurusha mpira kwa mikono miwili juu ya kichwa anaweza kuwa mshambuliaji mzuri, na mwenzake akarusha kwa niaba yake. Siku ya kupanga timu, mtoto huyo apewe dakika zake uwanjani kwanza. Uamuzi ufuate baada ya kumwona akicheza.