Mkulima wa Tana hulipwa na mfuko upi?

Mhariri,

Naomba nafasi niulize swali linalotusumbua sisi wakulima wa Kulesa na majirani zetu wa Wema na Hewani: Mto Tana ukitumalizia shamba, ni mfuko gani wa serikali unaotushika mkono?

Mafuriko ya El Niño mwishoni mwa 2023 yalikuta mahindi yakiwa shambani. Hatujainuka vizuri, masika ya 2024 yakajaza mabwawa ya juu hadi yakamwaga, na maji yakateremka kwetu. Mgomba ukikaa majini muda mrefu huoza shinani. Ukiusukuma kwa mkono unalala. Kunde na pojo hazifiki hata huko. Kambini tulikokimbilia tuliletewa maturubai, unga na maharagwe, na tunashukuru kwa dhati. Ila unga huliwa ukaisha, na ya mbegu sikuona hata shilingi.

Msaada wa fedha upo, Mhariri. Mpango wa kukinga kaya dhidi ya njaa (HSNP), ulio chini ya mamlaka ya kitaifa ya kudhibiti ukame (NDMA), umefika kaunti yetu ya Tana River, na kaya zilizoandikishwa hupata shilingi 2,700 kwa mwezi. Ukame ukizidi, kaya nyingine huongezwa kwa muda. Bima ya mifugo ya serikali, iliyoanza 2015, nayo ililetwa kaunti hii. Lakini katika yote mawili, dharura hupimwa kwa setilaiti inayotazama ukijani wa majani. Njooni basi muone shamba la Kulesa majuma machache baada ya maji kushuka. Nyasi zimefunga kila mahali, mbichi kabisa. Kutoka angani hapo pana neema tupu, na ndani ya nyasi hizo hakuna bua la mahindi lililo hai.

Sitaki ndugu zetu wafugaji wapunguziwe chochote. Ukame huwamalizia ng'ombe kweli, na maziwa tunayokunywa yanatoka kwao. Ninachodai ni kipimo cha mafuriko kiwekwe kando ya kile cha ukame.

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inairuhusu kaunti kuwa na hazina ya dharura isiyozidi asilimia 2 ya mapato yake. Wakuu wetu watueleze hadharani: mwaka 2023 na 2024, mashamba yetu ya Garsen yalipata kiasi gani kutoka hazina hiyo, na kwa orodha ipi? Naulizia orodha kwa sababu majina yetu yameandikwa mara nyingi. Watu huja na madaftari, wakapiga picha vitambulisho, wakachukua nambari za simu, kisha kimya. Jirani yangu mjane hathubutu kuzima simu yake. Aliambiwa ujumbe wa M-Pesa utaingia. Orodha hizo zisomwe barazani, mbele yetu.

Halafu kuna suala la wakati. Maji yakishuka huacha tope lenye rutuba, na kwa majuma machache ardhi ina unyevu wa kuotesha mahindi bila mvua. Hapo ndipo mkulima huhitaji mbegu, vibarua na mafuta ya pampu. Fedha zikija baada ya miezi sita, ardhi imeshapasuka, zitaishia kununua unga. Kaunti ituandikishe sasa, kabla ya mafuriko mengine, shamba kwa shamba, hata yasiyo na hati. Wazee wa kijiji wanajua mpaka wa kila mtu. Na ilipe ndani ya mwezi mmoja maji yakishuka.

Mkulima,
Kulesa, Tana Delta