Barua ya Wazi kwa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam

YAH: MASOMO YA MAPROFESA WANAOSTAAFU



Nafundisha Uraia katika sekondari ya kata wilayani Kilosa. Baadhi ya wanafunzi wangu hupita kila asubuhi kando ya shamba la mkonge lililoachwa likawa pori, ilhali wazazi wao wanakodi robo heka kwa msimu. Mwezi uliopita mmoja wa kidato cha tatu aliniuliza: "Mwalimu, kama halilimwi, mbona sisi tunakodi?"

Swali hilo lilifundishwa chuoni kwenu, Mlimani, miaka 36. Profesa Issa Shivji, mzaliwa wa huku huku Kilosa, alianza kufundisha sheria hapo 1970 na kustaafu 2006. Mwaka ule wa kwanza, akiwa kijana bado, aliandika juu ya mapambano ya kitabaka katika Cheche, jarida la wanafunzi. Kabla mwaka haujaisha likapigwa marufuku. Mwaka 1991 Rais Mwinyi akampa uenyekiti wa Tume ya Ardhi. Tume ilizunguka vijijini, wazee wakaeleza kwa Kiswahili jinsi ardhi ilivyowaponyoka. Ripoti ikachapishwa 1994 kwa Kiingereza.

Hapo ndipo paniumapo. Kurasa chache nimezitoa kopi. Kipindi ni dakika 40. Nusu yake inaishia kwenye kutafsiri, mkono mmoja chaki, mwingine kamusi, na kengele inagongwa kabla hatujalifikia swali la yule kijana.

Mwaka 2008 chuo kilifanya jambo la heshima kumkalisha Profesa Shivji kwenye Kigoda cha Mwalimu Nyerere, akaendelea kusema na taifa. Lakini kigoda ni kimoja, na wanaostaafu ni wengi. Mtu amefundisha habari za walionacho na wasionacho miaka 30. Anaagwa, anapigiwa makofi, madaftari yake yanaingia kwenye boksi.

Naomba, Profesa: kabla mwalimu wa namna hiyo hajakabidhi ofisi, arekodiwe akitoa mihadhara yake mikuu kwa Kiswahili, nayo ifike kwenye sekondari za kata. Iwe mihadhara kamili, na sheria za ardhi za 1999, Namba 4 na Namba 5, zichambuliwe humo kifungu kwa kifungu: nani alipata, nani alikosa. Flashi moja itatutosha, spika tunayo.

Kijana wangu anaingia kidato cha nne mwakani.

Wako katika ualimu,
Mwalimu wa Uraia, Kilosa