Posho ya Kyela Iliwe Kyela

Wito huu ni kwa watu wa safari za kazi: mkaguzi wa hesabu aliyetumwa halmashauri, mwalimu aliyeitwa kusimamia mitihani, muuguzi wa kampeni ya chanjo, fundi wa minara ya simu, dereva anayesubiri foleni ya malori pale mpakani Kasumulu. Mnashuka kutoka Tukuyu, kwenye baridi na mashamba ya chai, na baada ya muda mfupi joto la tambarare ya Kyela linawavua makoti. Njiani mmepita migomba, mikakao, michikichi na majaruba ya mpunga. Jioni inafika, mmeoga, mmekaa mezani katikati ya neema yote hiyo, na mnaagiza chipsi kuku.

Siwalaumu sana. Mgeni anaogopa tumbo lisije likamharibia kazi ya kesho, hajui bei, hajui jina la chakula, basi anashika kile anachokijua. Lakini upande wa pili wa meza kuna mpishi, naye anakisia. Mama mmoja mwenye mgahawa Ipinda alinieleza bila kinyongo: "Mwanangu, wageni wa ofisini wanataka chipsi. Ndizi nikiwapikia zinalala, wanakuja kuzila wanangu." Kwa hiyo ndizi zinabaki jikoni kwake na viazi vinakuja mezani. Mgeni anaondoka akisema Kyela hakuna chakula cha asili. Mpishi anabaki akisema wageni hawapendi chakula cha asili. Wote wawili wamekosea, na mwenye uwezo wa kuvunja ubishi huo kwa sentensi moja ni mgeni, kwa sababu ndiye mwenye hela.

Sentensi yenyewe ni hii: "Mama, kesho nipikie mnachokula nyumbani."

Neno "kesho" hapo si la kupamba. Chakula kizuri cha huku hakikai kwenye kabati la kioo kikimsubiri mtu. Samaki anatafutwa asubuhi kwa wavuvi, ndizi zinamenywa, maharage yanalowekwa usiku. Ukifika saa saba mchana na njaa yako na gari likiwa linaunguruma nje, utapewa kilichopo, na kilichopo ni kile alichokisia mpishi.

Mimi nilipomwambia hivyo yule mama wa Ipinda, alinitazama kwanza kuona kama natania. Kesho yake nilikuta wali uliopaliwa makaa juu ya kifuniko, na harufu yake ilinifikia kabla ya sahani. Mchele wa Kyela hauhitaji kusaidiwa na iliki wala mdalasini. Pembeni palikuwa na mbasa, amekatwa mapande mazito, amechemka taratibu kwenye chungu na nyanya, kitunguu na ndimu, mafuta yake mwenyewe yakielea juu ya mchuzi. Mbasa ana miiba mingi midogo. Nilikuwa nazungumza na simu, na mama akanikatiza: "Baba, huyu haliwi na maneno. Weka simu." Nikaiweka. Nakushauri na wewe uiweke.

Mchele huo unastahili neno la ziada. Jina la Kyela limeandikwa kwenye mabango ya maduka ya mchele Dar es Salaam, Dodoma na kwingine, na kila mnunuzi makini anajua kwamba si kila gunia lenye jina hilo limewahi kuliona Ziwa Nyasa. Jina limekuwa mali, na mali huibiwa. Dawa mojawapo ni watu wengi zaidi wanaoijua ladha halisi kwa ulimi wao. Mtu aliyekula wali wa Kyela ukiwa Kyela, baada ya mavuno, hadanganyiki kirahisi Kariakoo.

Na kakao? Kyela ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya kakao ya nchi hii. Inachachushwa, inaanikwa, inauzwa mnadani kwa stakabadhi ghalani, kisha inakwenda ng'ambo. Katika hoteli nilizolala wilayani, asubuhi nililetewa maji ya moto na majani ya chai ya mfuko. Mwenye hoteli atakayeniwekea mezani kikombe cha kakao iliyoiva umbali wa kilomita tano kutoka kitandani pangu, nitamtangazia biashara bure mpaka achoke.

Kuna historia ya kula pamoja hapa, tena iliyoandikwa vizuri. Monica Wilson na mumewe Godfrey, wanaanthropolojia, waliishi na Wanyakyusa katika miaka ya 1930, na mwaka 1951 Monica akachapisha kitabu, Good Company, kuhusu vijiji vya rika: vijana walitoka kwa wazazi wao na kujenga kijiji chao wao kwa wao. Walilala kwao, lakini kwa chakula walikwenda kwa mama zao, kundi zima, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Vijiji hivyo vimepita na zama zake. Lakini ukikaa kwenye benchi la mgahawa Kyela mjini ukaona watu wanavyomsogezea nafasi mgeni, utaelewa kwa nini mama wa Kinyakyusa hashtushwi na kundi la watu wenye njaa. Kinachomshtua ni mtu anayekula peke yake chumbani, kutoka kwenye kiboksi.

Sasa nawageukia wakuu wa idara na wanaoandaa semina, kwa sababu fedha kubwa ya chakula haipo kwenye mfuko wa mtumishi mmoja, ipo kwenye bajeti ya mafunzo ya siku tatu. Nimehudhuria semina kando ya ziwa hili ambamo kuku alitoka kwenye jokofu, mchele ulikuwa wa pakiti kutoka mkoa mwingine, na mama lishe wa mtaa huohuo wamekaa nje wakiuangalia msafara wa magari. Mwandaaji atasema anahitaji risiti ya EFD na mzabuni aliyesajiliwa kwenye mfumo wa NeST. Ni kweli, na utaratibu uheshimiwe. Lakini sheria hizohizo za ununuzi wa umma zinataka asilimia 30 ya manunuzi itengwe kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na wenye ulemavu. Halmashauri nazo zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kuwakopesha wanawake, vijana na wenye ulemavu. Basi mlango upo. Afisa maendeleo ya jamii akiwasaidia mama lishe wachache kuunda kikundi, kukisajili na kukiingiza kwenye mfumo, semina ijayo inaweza kupikiwa ndizi, dagaa wa ziwani na wali wa hapahapa, na hesabu zikafungwa bila mkaguzi kupandisha nyusi. Kazi hiyo ni ya wiki chache za kufuatilia makaratasi. Nawaomba muianze robo hii ya mwaka.

Kuna jambo moja la kuombana uangalifu. Mbasa tunayemsifu ni samaki wa Ziwa Nyasa peke yake. Hapatikani kwingine duniani. Msimu wa mvua hupanda mito inayoingia ziwani, kama Songwe na Kiwira, kwenda kutaga, na hapo ndipo nyavu zinapotegwa midomoni mwa mito na kumkuta amebeba mayai. Amekwishaingia kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Kwa hiyo mvua zikiwa zimekolea, usimwagize, na mpishi akikuletea mwenye mayai kama heshima, mshukuru, kisha mwambie kwa upole kwamba safari ijayo utafurahi zaidi na dagaa. Mteja ana sauti kwenye soko la samaki kuliko anavyodhani. Serikali za vijiji na vikundi vya ulinzi wa rasilimali za ziwa vinahangaika na nyavu haramu. Tusiwe sisi wenye posho tunaozilipia.

Ukipata Jumamosi huru, usiimalize chumbani. Kuna lami kutoka Kikusya kupitia Ipinda hadi Matema, chini kabisa ya Milima ya Livingstone. Hapo jirani, Lyulilo, Jumamosi ni siku ya soko, na mitumbwi inaleta vyungu kutoka Ikombe, kijiji cha wanawake wa Kikisi ambao huufinyanga udongo kwa mikono bila gurudumu. Vyungu vimepangwa mchangani kwa ukubwa, vimefungwa kwa majani visigongane. Nunua kimoja, na usimbane sana mama wa watu kwenye bei, amekipigia kasia. Uliza pia hapohapo nani anapika, maana wenye vyungu nao hula mchana, na kwa kawaida wanajua ni wapi pazuri. Wanaosafiri kwa MV Mbeya II kuelekea Lupingu, Manda, Liuli na Mbamba Bay wafanye vivyo hivyo kabla ya kupanda: chakula kilichofungwa na mama wa bandarini ni bora kuliko biskuti.

Kuhusu usafi, uliza bila haya. Maji ya kunawa yako wapi, samaki amevuliwa lini, chakula kimepikwa saa ngapi. Mpishi mzuri hachukii maswali hayo. Hujibu huku akikuonyesha jiko. Asiyetaka uone jiko lake, mpite. Na ukikuta chakula hakina chumvi au ndizi hazijaiva, mwambie yeye kwanza, kwa adabu, kabla hujawaambia wenzako ofisini.

Mlipe bei aliyoitaja, bila kumdai punguzo ambalo hoteli ya ghorofa usingethubutu kuidai. Chukua namba yake ya simu, iandike pamoja na jina la mtaa na chakula anachokiweza. Na kama mwezi ujao zamu ya kwenda Kyela si yako, mtumie anayekwenda namba hiyo leo hii, ili huyo mama apigiwe kabla basi halijatoka Mbeya na maharage yalowekwe usiku huohuo.