Msituzikie Kompyuta Zikiwa Hai

Umeme ulikatika Mwika saa mbili usiku, ukarudi kwa nguvu, na kompyuta yangu mpakato haikuwaka tena. Ndani yake kulikuwa na sura ya tatu na ya nne za tasnifu yangu ya uzamili. Kesho yake nikapanda daladala, nikapita Himo hadi Moshi mjini, kwenye duka lenye kiyoyozi. Kijana wa mapokezi akabonyeza kitufe mara mbili, akasema, "Dada, mazabodi imekufa. Nunua mpya." Hakulegeza skrubu hata moja.

Nabishana na maneno hayo mawili, "nunua mpya". Yanasemwa kama ushauri wa kitaalamu, kumbe ni ushauri wa muuzaji.

Mazabodi ni bodi kuu, si kompyuta nzima. Ikifa, kioo, kibodi, betri na diski vinaweza kuwa vizima kabisa. Fundi niliyempata baadaye, kwenye kibanda chembamba nyuma ya maduka, aliifungua mashine na kusoma namba iliyochapwa kwenye bodi yenyewe. Jina la kwenye kifuniko halitoshi, alinieleza, kwa sababu mashine mbili za jina moja zinaweza kuwa na bodi tofauti: prosesa imelehemiwa humo humo, na matundu ya nyaya na ya skrubu lazima yalingane. Bodi inayolingana aliitoa kwenye kompyuta iliyopasuka kioo. Nililipa laki moja na themanini. Mpya ingenigharimu zaidi ya laki tisa.

Kabla ya kuiwasha aliuliza, "Dada, ufunguo wa BitLocker unao?" Sikujua hata anachozungumzia. Kumbe siri ya kufungulia diski hutunzwa kwenye chipu ya usalama iliyo kwenye bodi. Ukibadilisha bodi, Windows inakudai ufunguo wa tarakimu 48. Niliukuta kwenye akaunti yangu ya Microsoft. Yule wa kwenye kiyoyozi hakunigusia habari hiyo.

Nilinusurika kwa sababu diski yangu inachomoka. Kompyuta nyingi nyembamba za leo memori yake imelehemiwa kwenye bodi, na baadhi hata diski. Bodi ikifa, kazi yako inazikwa nayo. Huo ni uamuzi wa mtengenezaji, na gharama yake tunailipa sisi.

Watasema bodi za mtumba ni za wizi na hazina waranti. Hatari hiyo ipo. Dawa yake ni risiti, pamoja na spea halali zinazouzwa kwa fundi yeyote. Ufaransa, tangu 2021, muuzaji wa kompyuta mpakato anatakiwa kuonyesha alama ya urahisi wa kutengenezeka kwake. Jimbo la Oregon, Marekani, mwaka 2024 lilipitisha sheria ya kuwazuia watengenezaji kutumia programu kuzikataa spea. Haya yanawezekana.

Kwa ripoti ya Umoja wa Mataifa, mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na chini ya robo yake ndiyo iliyorejelezwa kwa kumbukumbu rasmi. Huku mlimani, mfongo ukibomoka, wanaotumia maji yake hutoka na majembe wakauziba. Hakuna anayewaambia wakanunue mto mwingine.

Vyuo na serikali hununua kompyuta kwa mamia. Waandike kwenye zabuni zao: diski ichomoke, memori ichomoke, spea zipatikane. Asiyeweza asiuze. Na sisi wasomi tuache kumwita mtu "fundi wa uchochoroni" halafu tukamkimbilia usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha tasnifu. Yeye alifungua mashine. Mwenye kiyoyozi alifungua orodha ya bei.