Afya Nyumbani: Mishipa Isiyonywea Ukilala

Neno la leo ni la akina baba. Lakini akina mama nao walisikie, maana mara nyingi ndio wanaowahimiza waume zao kwenda hospitali.

Katika mfuko wa korodani mna mishipa inayorudisha damu moyoni. Pengine huvimba, na ukiigusa ni kama kamba zilizosokotana. Hiyo si busha, si ngiri, wala si kulogwa. Katika wanaume 100, yapata 15 wanayo. Kwa kawaida huanza ujanani, upande wa kushoto, kwa kuwa mshipa wa upande huo huungana na mshipa wa figo, na damu hupanda kwa shida. Mtu akijilaza, damu hurudi na mishipa hunywea. Wengi hawadhuriki. Anayeumwa, au anayekawia kupata mtoto, na amwone daktari.

Lakini angalia sana mambo matatu. Kwanza, mishipa iliyovimba upande wa kulia peke yake. Pili, isiyonywea hata ukilala chali. Tatu, iliyovimba ghafula kwa mtu mzima, hasa aliyepita miaka 40.

Jiwe likiziba mfereji, maji hujaa nyuma yake. Wewe waona maji tu, na jiwe liko mbele. Vivyo hivyo, yawezekana kuna uvimbe tumboni, kwenye figo au nyuma ya matumbo, unaobana njia ya damu. Ni jambo la nadra, lakini ni la hatari, maana uvimbe huo waweza kuwa saratani, nao hukua kimya. Ukiona pia damu katika mkojo, maumivu ya ubavuni au kukonda bila sababu, usingoje hata kidogo.

Usikubali kuchanjwa chale. Nenda hospitali. Daktari atakutazama umesimama, kisha umelala. Halafu tumbo litapigwa picha kwa altrasaundi, nayo haiumi. Saratani ya figo ikigunduliwa mapema, mara nyingi hutolewa kwa upasuaji, na mtu aweza kuishi vema kwa figo moja.

Wazee walisema: mficha uchi hazai. Baba, aibu ya dakika chache mbele ya daktari ni ndogo kuliko kuwaacha watoto yatima. Jichunguze leo jioni, umesimama, kisha umelala.