Wimbo Mmoja wa Sehemu Kumi na Mbili

Ndugu msomaji, huenda ukashangaa kuona safu hii, iliyozoea kukuletea habari za taarab, dansi na kwaya, ikitoa nafasi leo kwa muziki wa metali, yaani ile roki nzito ya magita yenye kunguruma. Najua kuwa wazazi wengi wausikiapo huenda kugonga mlango wa chumba cha kijana na kuamuru upunguzwe. Sina ugomvi nao. Lakini ndani ya mngurumo huo wamo watunzi wa kweli, na yupo mmoja ambaye naona hakutendewa haki. Huyo ni Jim Matheos, mpiga gita wa bendi ya Fates Warning, ya jimbo la Connecticut huko Marekani.

Albamu yao ya kwanza, Night on Bröcken, ilitoka mwaka 1984, nayo haina mengi ya kutuchelewesha. Vijana wale walikuwa bado wakiwafuata Iron Maiden wa Uingereza. Miaka miwili baadaye, katika Awaken the Guardian, uigaji ule ulikuwa umekwisha. Mwimbaji wao wa wakati huo, John Arch, alikuwa na sauti ya juu sana, tena haikukubali kulifuata gita kama mtoto amfuatavyo mama yake sokoni; ilipanda na kushuka mahali ambapo sikio halikutazamia. Nakiri kwamba iliniudhi mara ya kwanza, na mara ya pili pia. Mara ya nne nilijikuta naisubiri.

Arch aliondoka, akaja Ray Alder, na mwaka 1988 bendi ikatoa No Exit, ambayo ndani yake umo wimbo uzidio dakika 20. Mwaka uliofuata, katika Perfect Symmetry, akaingia mpiga ngoma Mark Zonder. Hapo ndipo unapofahamu kwa nini muziki wa namna hii huitwa metali ya progresivu. Sisi tumezoea mapigo ya nne, au ya sita kama yasikikavyo katika ngoma zetu nyingi. Zonder huhesabu saba, mara akahesabu tano, naye hufanya hivyo kwa wepesi hata mguu wako huendelea kugonga sakafu bila kujua kuwa umebadilishiwa njia.

Kisha ikaja Parallels ya mwaka 1991, iliyosimamiwa na Terry Brown, yule yule aliyewahi kusimamia kazi za Rush wa Kanada. Hapo mlango wa umaarufu ulikuwa wazi. Queensrÿche walikuwa wamekwisha kuuza mamilioni ya albamu yao ya mwaka 1990, na mwaka 1992 Dream Theater wakatoa ile iliyowapatia santuri ya dhahabu. Fates Warning walifika kwenye kizingiti hicho hicho, wakabaki nje. Kwa maoni yangu, sababu ni kwamba Matheos hajui kujionyesha. Wenzake walipopata nafasi walimwonyesha msikilizaji vidole vyote kumi. Yeye hupiga kile tu ambacho wimbo unakihitaji, kisha hunyamaza. Mtu aliyekuja kustaajabishwa huenda zake mapema.

Albamu ya mwaka 1994, Inside Out, ilitoka wakati ambapo masikio ya Wamarekani yalikuwa yamegeukia bendi za Seattle. Baada yake mpiga besi akaondoka, na mpiga gita wa pili pia. Katika saa kama hiyo bendi nyingi hufupisha nyimbo na kutafuta kiitikio chepesi. Matheos alifanya kinyume chake. Mwaka 1997 alitoa A Pleasant Shade of Gray, ambayo ni wimbo mmoja, wenye sehemu kumi na mbili, unaochukua zaidi ya dakika 50. Sehemu hizo hazina majina. Zina namba tu.

Hiyo ndiyo albamu ninayokuomba uisikilize. Ni usiku wa mtu asiyepata usingizi, anayeyageuza geuza mawazoni mapenzi yaliyomponyoka. Kifungu kidogo cha gita husikika, hupotea, kisha hurudi kimevaa sauti nyingine, kama vile wazo lirudivyo saa nane za usiku. Kinanda cha Kevin Moore, aliyetoka Dream Theater, hakipambi kitu. Kinatia baridi tu. Mwishoni hulia saa ya kuamshia, na asubuhi imemkuta macho. Siku hizi tumezoea kuchagua wimbo mmoja katika simu na kuuruka mwingine, lakini kazi hii haikubali kudokolewa. Ukiichukua sehemu moja peke yake, utaona ni kama ukurasa uliochanwa kutoka kitabuni.

Bendi iliendelea, Disconnected ya mwaka 2000 ina giza zaidi, na Long Day Good Night ya mwaka 2020 ni ndefu kupita kiasi, ingawa nyimbo zake tatu nne ni za kiwango cha juu.

Aanzaye asianze na ule usiku wa sehemu kumi na mbili. Na aanze na Parallels, hasa wimbo uitwao The Eleventh Hour, wa dakika nane na kidogo. Unaanza kwa gita la taratibu, na mngurumo huja baadaye. Nanyi wazazi, kijana akiupiga, msubirini afike katikati kabla hamjagonga mlango.